Malipo Yapo, Hujayaona Tu: Wasifu wa Daktari wa Njiwa

Ndugu, jamaa na majirani, mliopata viti kaeni, na mliosimama vumilieni. Marehemu mwenyewe hakupenda hotuba ndefu isipokuwa zake. Wasifu huu umeandikwa na dada yake mdogo, ambaye katika ukoo huu ndiye hukabidhiwa kalamu kila msiba unapobisha hodi. Ameshamwandikia baba, akamwandikia mama, akamwandikia kaka mkubwa. Amechoka, wala hafichi. Lakini huyu naye hawezi kwenda hivihivi bila kusemwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya bohari ya reli ambako baba yake alikuwa karani. Utundu wake ulikuwa wa kimyakimya. Akiwa darasa la tatu alimfundisha kuku wa mama kurukia meza kila asikiapo makofi, kwa kumtupia punje ya mahindi, na hakumwambia mtu. Siku baba alipopandishwa cheo, wageni wakajaa sebuleni, mkuu wa bohari akatoa nasaha zake, watu wakapiga makofi. Lo! Kuku huyo juu ya meza, katikati ya vikombe, anadai haki yake. Kadiri wageni walivyocheka na kupiga makofi, ndivyo naye alivyozidi kung'ang'ania. Aliyechapwa ni dada yake huyu anayeandika, kwa kuwa ndiye aliyekutwa na mahindi mkononi. Marehemu alikuja kumwomba radhi wote wakiwa watu wazima, tena akicheka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, akaingia sekondari 1964, na chuo kikuu 1970. Alichapwa kama watoto wote wa wakati ule, na alikuwa akisema fimbo ilimfundisha jambo moja tu, nalo ni kuzitambua hatua za mwalimu akiwa bado yuko koridoni. Mwaka 1979 alitunukiwa shahada ya uzamivu katika saikolojia ya tabia.

Kazi yake yote aliifanyia chuo kimoja, katika chumba kilichokuwa chini ya ngazi za jengo la sayansi, kilichonuka mtama na mavi ya njiwa. Humo mlikuwa na visanduku, na kila kisanduku kilikuwa na kitufe. Njiwa akikigonga kwa mdomo, punje hudondoka. Kuna njiwa waliolipwa kila walipogonga, na kuna waliolipwa kwa kubahatisha, leo mara hii, kesho baada ya jasho jingi. Kisha marehemu alikata punje kwa wote. Wale waliozoea kulipwa kila mara walikata tamaa upesi. Wale wa kubahatisha waligonga, wakagonga, mpaka ukawaonea huruma. Wenzake waliita hiyo elimu ya uimarishaji wa tabia. Majirani walimwita Daktari wa Njiwa, na yeye jina hilo alilipenda kuliko la kwenye cheti. Elimu hiyo aliipeleka mashuleni, akawafundisha walimu kumsifu mtoto kwa hatua ndogo badala ya kumsubiri akosee wamcharaze. Wako watu wazima mahali hapa ambao migongo yao ilisalimika kwa sababu yake.

Mkewe alimpata hukohuko kwenye visanduku. Alikuwa mwalimu wa hesabu, amewaleta wanafunzi wake kutazama. Marehemu akawaeleza kwamba hakuna kiumbe afanyaye jambo bila malipo ya aina fulani, binadamu akiwamo. Mwalimu akasema, "Wapo." Akamjibu, "Malipo yapo, hujayaona tu." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1981, na ubishi huo wakahamia nao nyumbani kama kiti walichorithi. Mke akiamka usiku kumbembeleza mtoto, mume anauliza kutoka kitandani, "Umelipwa nini, Mwalimu?" Naye, "Nimelipwa nisikusikie ukikoroma, Daktari." Walijaliwa mtoto wa kiume na wa kike.

Maradhi yalianza mwaka 2016, kwa kushindwa kufunga vifungo vya shati. Madaktari walisema ni ugonjwa wa ubongo unaokaza misuli, na kwamba utakwenda polepole. Ulikwenda polepole kweli. Hilo ndilo lililowachosha watu. Ulichukua mikono, ukachukua miguu, ukachukua tabasamu, uso ukabaki kama ukuta. Sauti ilipokuwa inaelekea kukatika, alimwita mkewe mbele ya dada yake na kumwambia: "Mwalimu, sikiliza. Nitakapoacha kukujibu kabisa, kwanza utaongeza bidii. Utanipayukia. Halafu utapunguza, halafu utaacha. Usione haya. Ndivyo tulivyoumbwa."

Mkewe alifuta mate yaliyokuwa yakimtoka mumewe kidevuni. "Haya, Daktari. Tutaona."

Sauti ilikatika Juni 2021. Na ikawa kama alivyosema. Mwalimu, mwanamke aliyefundisha miaka yote bila kupandisha sauti, alipayuka mpaka majirani wakasikia: "Nijibu! Japo kwa jicho, nijibu!" Kisha akaenda jikoni, akamshika mkono wifi yake, ndiye mwandishi wa haya. "Wifi, amesema kweli. Hatua ya kwanza nimeipita. Sasa naiogopa ya pili."

Aliiogopa hasa. Kila alipohisi uchovu alijipima kama mgonjwa apimavyo homa. Alimlisha supu kwa kijiko, alimgeuza ubavu kila baada ya saa chache asipate vidonda, akambadilishia shuka, na ukuta haukusema asante. Mwaka jana alifunga begi, akamkabidhi mgonjwa kwa binti yao, akaenda kwa dada yake mwenyewe. Watu tukiwa watu, minong'ono ikaanza: ndiyo hiyo, Daktari alijua. Siku mbili baadaye akarudi na begi lake na mto mpya. Hakuna aliyethubutu kumuuliza, ila wifi yake, ambaye mdomo wake mnaujua. Akajibiwa, "Nilikwenda kulala. Sikwenda kuacha."

Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa anamgeuza kuelekea dirishani. Mwalimu alimaliza kumgeuza, akamtengenezea shuka, ndipo akaita watu.

Leo asubuhi, kabla ya gari la maiti kufika, wifi yake alimkosa sebuleni. Akamkuta chumbani. Kitanda kitupu, godoro limeshavuliwa shuka, na Mwalimu ameinama anaugeuza ule mto, ubavu hadi ubavu, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Saa ya kugeuza ilikuwa imefika. Aliponyanyuka alikuwa analia na anacheka. Akaupigapiga mto, akauambia: "Haya, Daktari. Na hili nimelipwa nini?"

Alisubiri kidogo, kwa mazoea. Kisha akamwambia wifi yake, "Liandike hilo. Lisomwe akiwa bado yuko juu ya ardhi."

Limesomwa.

Marehemu ameacha mjane wake Mwalimu, mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme, binti ambaye ni mfamasia, wakwe wawili, wajukuu watano, dada yake aliyeandika haya na mdogo wao wa mwisho, pamoja na njiwa kadhaa wazee aliostaafu nao, ambao hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwafukuza, na ambao hadi leo hugonga dirisha la jikoni.

Apumzike kwa amani, Daktari wetu. Na Mwalimu naye, jamani, mwacheni apumzike.