Kwa Nini Dada Kavenya Anazikwa Mkongani

Wazee wetu, watumishi wa Mungu, majirani na wageni wote, poleni kwa safari na asanteni kwa kusimama nasi. Mimi ni Kiilu, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake, tena nieleze jambo lililoleta maneno wiki nzima katika boma hili, yaani kwa nini basi lililotumwa kutoka Mutomo limerudi tupu, na kaburi limechimbwa hapa.

Winrose Kavenya alizaliwa tarehe 12 Machi 1956 huko Mutomo, Kitui, kifungua mimba wa marehemu mzee Muange, na mwaka wa 1962 wazazi wetu walipopewa shamba hapa Mkongani, huku pwani, alikuja nao, akitembea nyuma ya mbuzi. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza sekondari Mombasa mwaka wa 1974, ambako alikishika Kiswahili cha pwani kiasi cha kutusahihisha sisi tuliozaliwa huku, na hakutuonea huruma mpaka mwisho. Alihitimu uuguzi mwaka wa 1978, kisha mwaka wa 1985 akaongeza masomo ya afya ya akili Nairobi.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu Munee, fundi seremala, wakajaliwa watoto wawili, Mbuvi na Jumwa, huyu wa pili akiitwa jina la jirani aliyempokea mikononi siku ambayo mvua ilikata barabara.

Kuanzia mwaka wa 1990 alihudumu katika kliniki ndogo kule Mwabungo, akitibu kwa mazungumzo watu wenye sonona, ugonjwa ambao wengi wetu huuita mawazo na kumwambia mgonjwa ajikaze. Huko aliona kwamba mmoja hupona akikaa na wenzake katika kikundi, na mwingine kikundi hicho hicho humfunga mdomo kabisa, basi mwaka wa 1993, pamoja na mwenzake Salimu Matano, walikubaliana na wauguzi wa kliniki nyingine kukusanya pamoja habari za wagonjwa wao, kwa idhini yao na bila majina, ili mgonjwa mpya alinganishwe na waliofanana naye kwa umri, kwa kazi na kwa msiba, apewe mazungumzo yaliyowafaa wale. Daktari mmoja alileta hata kompyuta, umeme wetu ukaishinda, Matano akaendelea kwa kalamu, na watu walipona, wengine wao wameketi hapa.

Katika habari hizo waligundua kwamba wanaume waliofiwa na wake, wakanyamaza, wengi walirudi kuwa watu walipofundishwa kuketi kando ya kaburi na kumsimulia marehemu mambo ya siku ile. Miaka hiyo kila mtu alizika shambani mwake, Mdigo, Mduruma na sisi Wakamba, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kuuliza kaburi liko wapi. Kisha ikaja Agosti ya 1997, mnaijua, watu wa bara walipofukuzwa na kuuawa huku pwani, nasi tuliotoka bara tukalala makanisani, na waliokufa wakati huo wengi walisafirishwa bara, kwa kuwa jamaa zao waliogopa kuzika huku.

Novemba mwaka huo alikuja mjane mwanamume, mhamiaji kama sisi, akafanana kwa kila hali na wale waliopona, na dada yangu akamwambia aende akaketi kwa mkewe, azungumze naye. Alikuwa mtu wa adabu, asiyeweza kumpinga muuguzi, akajibu tu, "Nashukuru, sista, nitakwenda." Mkewe alikuwa amelala mbali sana, ng'ambo ya Kitui. Alipata lori la mbuzi pale Samburu, kwenye barabara ya Nairobi, mafuriko yakalizuia mbele ya safari, akashuka akaendelea kwa miguu, akachukuliwa na mto. Jina lake dada hakututajia hata sisi, ila kifo chake tulikaa nacho nyumbani humu. Mchana kweupe, tukila, aliweka kijiko chini akaenda kufungua mlango, akasema amesikia mtu akishukuru. Mvua ikigonga mabati aliacha kila kitu akasimama, na ukimgusa alikuwa baridi. Niliogopa, sitaficha.

Hakuiacha kazi. Alirudi kwa Matano, wakaandikia kliniki zote kwamba kabla ya jambo lolote mfiwa aulizwe mtu wake amelala wapi, na njia ikoje, na mgonjwa asitoke mpaka aseme ni lipi katika ushauri ule litamshinda.

Februari mwaka huu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, akapatwa na kiharusi tarehe 30 Mei, na akatutoka alfajiri ya Alhamisi tarehe 3 Juni 1999, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Kabla ulimi haujalemaa kabisa alitushika mikono, shemeji na mimi, akasema, "Msinipeleke Mutomo. Munee atanifuata huko."

Wazee wa ukoo wa shemeji walitaka alazwe kwa wakwe zake, huko huko Mutomo, kama ilivyo desturi, nao hawakukosea, lakini shemeji, ambaye miguu yake haimfikishi hata barabarani tangu aangukiwe na gogo, alilia mbele yao bila kujizuia, na wazee, Mungu awabariki, wakakubali.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bwana Matano na wenzake wote wa kliniki, jirani yetu Mama Jumwa, somo wa binti yetu, na majirani wengine waliopika na kukesha nasi, na vijana waliochimba. Wamechimba nyuma ya karakana ya shemeji, na jana jioni alienda mpaka pale kwa mkongojo wake, peke yake, akarudi.

Kavenya, pumzika hapa kwa amani. Kesho asubuhi Munee atakuja kukuamkia.