Elwood Messick, Aliyemuoa Mshindi Wake

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza, baba yetu Elwood Messick alizaliwa tarehe 9 Mei 1931 hapa Georgetown, Delaware, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Asbury na Bibi Lovey Messick, akasoma shule ya mji huu hadi alipohitimu mwaka 1949, kisha akaingia katika ufugaji wa kuku wa nyama, kazi aliyoipenda hadi mwisho.

Dhoruba kuu ya Machi 1962 ilipobomoa nyumba za pwani ya Rehoboth, marehemu alishusha matenga ya kuku kutoka kwenye lori lake, akapakia watu, akarudi majini tena na tena mpaka injini ikazima, na kwa sifa hiyo wenzake wakamsukuma kugombea udiwani mwaka 1964, akashindwa na mwalimu Hettie Tunnell wa chama pinzani, akajifungia ndani kwa haya, akiapa kuuza mabanda na kuhamia Baltimore.

Lakini tarehe 5 Novemba, siku mbili baada ya kura, ilikuwa Siku ya Marejeo, ambapo tangu enzi za mababu mshindi na mshindwa hupanda gari moja la farasi mbele ya mji mzima, na Bibi Lovey akamgongea mlango, "Asiyekubali kushindwa si mshindani, toka ukapande!" Akapanda amefura, hamtazami mtu, hadi Hettie alipomnong'oneza, "Bwana Messick, kama ni kununa, nuna huku unatabasamu, tunapigwa picha," akaangua kicheko hadi kofia ikamdondoka, na viongozi wa vyama walipofukia shoka mchangani kuonyesha ugomvi umekwisha, wawili hao walikuwa bado wanacheka.

Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1965 katika kanisa la Kimethodisti, wakajaliwa watoto wawili, Nathan na mimi Corinne, na kila uchaguzi walikwenda kituoni wameshikana mikono, kila mmoja akapigia chama chake na kuiua kura ya mwenzake, wakarudi nyumbani kula.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2009, akafariki nyumbani tarehe 17 Januari 2011, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru majirani mliotulishia kuku, wafugaji wenzake, wauguzi, na Daktari Pusey, aliyemkataza nyama ya mafuta, daktari, utuwie radhi, Siku ya Marejeo Novemba iliyopita tulimpeleka kwa kiti cha magurudumu, akala mkate wenye nyama ya ng'ombe wa kubanikwa, akaomba wa pili, mama akamkemea, "Elwood, wewe!" naye akamjibu, "Hettie, leo niachie nishinde mimi," akapewa.

Pumzika kwa amani, baba, umeshiba na umependwa.