Kabati la Tatu la Gari Jekundu

Zima hiyo televisheni, Corinne, na wewe Wade weka msasa chini uje ukae, hata kama umejaa vumbi la rangi, mashuka yatafuliwa. Nisikilizeni wanangu, na msinikatize, maana daktari amenipa siku chache na mapafu yangu yananipunja hata hizo, na nina neno ambalo nikiondoka nalo nitakuwa nimekufa mwizi.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni yako, Corinne, pamoja na mlimau wa nyuma ambao mama yenu aliupenda kuliko alivyonipenda mimi, na usimuuzie jirani yetu Purcell hata akubembeleze vipi, ataukata apate pa kuegesha boti yake. Vifaa vya karakana ni vya Wade, vyote, pamoja na nyundo za kunyooshea bodi nilizoachiwa na baba yangu. Nguo zangu zipelekeni kanisani. Hayo yameandikwa, yako kwenye droo, yametosha.

Linalobaki ni gari. Mnakikumbuka kile kipindi cha televisheni cha Jumamosi jioni mlipokuwa wadogo, wale vijana wawili wa zimamoto na gari lao jekundu la uokoaji, nyumba nzima kimya, mama yenu hapokei hata simu. Gari lenyewe la kipindi liko makumbusho nyuma ya kamba, haliguswi, nami nikaona nisipokuwa na la kwangu nitakufa na kijicho, nikaichukua ile Dodge ya mwaka sabini na mbili iliyokuwa imetelekezwa kwenye shamba la viazi huko Perris, nikaiunda upya kwa miaka kumi na moja, makabati sita ubavuni, taa, king'ora, nikisimamisha mkanda wa video usiku na mchana ili nihesabu skrubu za mlango. Mama yenu Noreen alikuwa akisema, "Verne, ungenitazama mimi hivyo tungekuwa na watoto kumi." Alikuwa na haki ya kusema.

Wewe Wade kipindi kile kilikufanya uwe mhudumu wa kweli wa gari la wagonjwa, na hilo ndilo jambo jema pekee lililotoka katika wazimu wangu. Ulipoliona gari langu limekamilika ulifungua kabati moja baada ya jingine, ukakuta mitungi mitupu na masanduku ya mbao niliyoyapaka rangi na kuyachorea vitufe, ukaniambia, "Baba, watu barabarani hawajui kwamba hili ni la maonyesho. Siku moja mtu atakukimbilia na mgonjwa wake, utamfungulia mbao?" Ukaleta mashine halisi ya kushtua moyo uliosimama, ukaiweka kabati la tatu, ukasema ikae hapo na nisiiguse.

Nisingeigusa kama si Lyle Amundsen, mkaguzi wa chama chetu cha magari ya zamani, Mungu amsamehe, mimi bado. Kwenye mashindano alifungua kabati la tatu mbele ya watu wote akaniuliza, "Verne, mwaka sabini na mbili hii ilikuwa wapi? Tumboni kwa mama yake?" Watu wakacheka mpaka wakashika magoti, akanikata alama tano, kombe likaenda kwa mtu wa Fresno ambaye hata rangi yake haikuwa nyekundu ile. Nilikaa na kinyongo hicho mwaka mzima, nakula nacho, nalala nacho.

Nipe maji, Corinne. Kidogo tu.

Mwaka uliofuata mashindano yalikuwa tarehe tatu Julai, siku moja kabla ya gwaride la mji. Asubuhi ile niliitoa mashine yako, Wade, nikaificha kwenye boksi la taa za Krismasi juu ya friza, nikaweka sanduku la mbao mahali pake. Nikapata kombe. Nilipanga niirudishe jioni, lakini jioni kulikuwa na bia na nyama ya kuchoma na Lyle kanuna, na mimi nilitaka kumtazama Lyle akinuna. Nikalala.

Siku ya gwaride jua lilikuwa linachoma lami. Mama yenu alikaa kiti cha mbele akipungia watoto mkono, wewe unatembea ubavuni, kisha akanishika begani akasema, "Verne, simamisha, kifua kinanibana," akashuka kwa miguu yake mwenyewe, akaanguka. Wewe ukakimbilia kabati la tatu. Nilikuona umeshika kitasa cha kabati, mwanangu, na nilijua kabla hujafungua. Nilijua, na sikusema kitu. Ulilitoa lile sanduku la mbao ukalitazama, ukalitupa, ukapiga magoti ukaanza kumkandamiza kifua, na barabara zote zimefungwa kwa ajili ya gwaride, na gari la kweli la wagonjwa likafika baada ya dakika kumi na nne.

Hospitali uliniuliza, "Baba, niliichukua wiki iliyopita nibadilishe betri. Sikuirudisha?" Uliirudisha. Nilikuona kwa macho yangu ukiirudisha. Nami nikakwambia, "Sikumbuki, mwanangu, labda ulisahau."

Usinitazame hivyo, Corinne, sina homa. Nasema ninachokijua.

Labda ulisahau. Maneno hayo mawili umeishi nayo miaka sita, Wade, umeacha kazi uliyozaliwa nayo, unapanga misumari na makopo ya rangi kwenye rafu za duka, na mimi nakuona kila Krismasi na nanyamaza. Niliogopa. Hakuna kingine, niliogopa ungenichukia, nikaona heri ujichukie mwenyewe. Gari nikaliacha nyuma ya nyumba lioze kwa mvua, ili lifie mbali na macho yangu, na sasa miezi mitatu unakuja kila Jumamosi unakwangua kutu, unapiga puti kuziba mashimo, unanyoosha milango, ili linibebe kwenda kuzikwa karibu na mama yenu. Nakusikia hapa kitandani ukisugua. Siwezi, mwanangu. Siwezi kupanda gari lile kwa jasho lako.

Nitukane, basi.

Unasemaje? Kama ilikuwa inafanya kazi? Ilikuwa inafanya kazi, Wade. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka. Nilifungua boksi usiku ule baada ya mazishi nikaikuta inawaka, na iliendelea kuwaka mwaka mzima, mimi nikiingia kuchukua nyama kwenye friza naiona.

Sikilizeni, pumzi inaisha. Mnizike kwa gari lolote, si lile. Sanduku la mbao lichomwe. Gari, Wade, ukitaka limalize, ukitaka livunje, sikuwekei sharti, nimekuwekea ya kutosha. Ila kazini rudi. Nakuomba, sikuamuru, sina tena mdomo wa kukuamuru. Corinne, simama naye, usimwachie mzigo huu peke yake, na asikwambie hana njaa ukamwamini.

Mungu awalinde wanangu. Awape... ngoja. Awape usingizi. Awape watu wa kuwaambia ukweli mapema. Wewe Wade akupe mikono yako ile ile, mizuri, haikukosea siku ile, haikukosea kitu, unanisikia, haikukosea...

Muache, Corinne. Muache apite, usimshike. Ana haki.

Wade. Mungu awe nawe hata usiporudi.

Amefika mlangoni? Kutoka hapa sioni. Niambie, Corinne, ameufunga au ameuacha wazi?