Mzee Eliasi Semboja na Rangi ya Landrova

Mchungaji, mashehe mliotuheshimu kwa kufika, wafiwa wenzetu na majirani wote wa Manundu, tunamshukuru Mungu aliyetukutanisha, na anayewasomea maneno haya kwa niaba ya familia ni Obadia, mdogo wake marehemu, elimu yake ni darasa la saba, kwa hiyo akijikwaa mumvumilie.

Marehemu Eliasi Semboja alizaliwa tarehe 3 Mei 1953 katika kambi ya shamba la mkonge, nje kidogo ya mji wa Korogwe, akiwa mtoto wa kwanza wa mkata mkonge aliyetokea Kwedizinga, Handeni. Alisoma hapo hapo kambini hadi darasa la saba, akamaliza mwaka 1968, na mwaka 1970 akaingia gereji ya shamba kama mwosha vyuma, akapanda hadi kuwa fundi, akifanya kazi bega kwa bega na rafiki yake Mzee Hashim, ambaye tunaye hapa.

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na Fausta, na Mungu akawajalia watoto wawili, Richard na Ritha, na wajukuu watano. Wakati wa posa alimwahidi Fausta nyumba ya kwake mwenyewe, isiyodaiwa kodi na mtu, na ahadi hiyo ilimsumbua maisha yake yote.

Mwaka 1994 shamba lilipiga mnada vitu vyake chakavu, marehemu akanunua Landrova fupi ya mwaka 1962 iliyokuwa imehamiwa na nyuki, watu wakacheka kwamba Eliasi amenunua mzinga, dalali naye akamwuliza kama angependa afungiwe na asali. Walihangaika na Hashim muda mrefu mpaka gari likawaka, na tangu hapo, likiwa na rangi yake ya kijivu ya shamba na namba 14 mlangoni, limebeba mihogo ya Mkata, abiria wa mabasi yaliyoharibikia Segera, wagonjwa, wajawazito na majeneza, na wengi mlioketi hapa mmelipanda, wengine mkiwa bado tumboni.

Mwaka 2021 pale Segera alilisimamisha bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, Muhsin, dalali wa magari ya kale, akamweleza marehemu dirishani, mama, yaani Fausta, akiwa kiti cha mbele, kwamba siku hizi kuna minada ambako wenye fedha hushindania magari ya namna hiyo, na kwamba huko bei haifuati kung'aa, injini iwe ile ile ya kiwandani, palipobonyea paachwe, na zaidi ya yote rangi ya kwanza na namba ya shamba visiguswe, kwa sababu likipakwa upya linakuwa mkweche tu kama mikweche mingine. Bei aliyoitaja ingemaliza nyumba aliyoanza kumjengea mama kule Mkata, ambayo wakati huo, kama ilivyo leo, iliishia kwenye lenta, haina paa. Mama alisema liuzwe, marehemu akakubali.

Siku ya mnada gari lilifika Dar es Salaam likiwa la buluu tupu, kuanzia boneti hadi nyuma, namba 14 imefunikwa. Wanunuzi walikwaruza rangi kwa kucha, wakatikisa vichwa, wakahamia gari jingine, bei ikashuka hadi ya chuma chakavu, na marehemu akarudi nalo Korogwe. Sote tulimhurumia, tukasema mzee wa watu hakuelewa, alidhani gari linakwenda mnadani kama mtu anavyokwenda harusini, lazima livae, na Mzee Hashim akawa anamtania kwamba ndiye fundi wa kwanza Tanzania kushusha bei kwa brashi. Marehemu alicheka pamoja nasi, akaacha iaminiwe hivyo, lakini kanisani hakukaribia tena meza ya Bwana, akisingizia mgongo.

Mwezi Oktoba 2024 alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa hospitalini hapa Korogwe, na mchungaji alipomletea sakramenti kitandani alimwomba asubiri kwanza, akamwita mkewe.

"Mama Richard, mimi nilielewa," alimwambia. "Yule bwana alisema rangi isiguswe, nikaipaka kusudi. Nyumba yako nimeiua mimi."

Alieleza kwamba alishindwa kulifikiria gari lile likiwa limeegeshwa ndani ya ghala la tajiri, halimbebi mtu. Mama alimwekea mto vizuri.

"Baba Richard, rangi ulimtuma nani dukani? Na Segera nilikuwepo, masikio ninayo. Pokea sakramenti, uji unapoa."

Marehemu aliagiza mambo mawili, kwamba jambo hili lisomwe leo, asije akazikwa na ujinga ambao hakuwa nao, na kwamba baada ya maziko gari lirudi mnadani, nyumba iishe. Alipopata nafuu mwezi Machi, yeye na Hashim waliukwangua mlango kwa msasa, taratibu, hadi namba 14 ikatokea, kijivu kikiwa kizima chini yake, na Muhsin akatuma neno kwamba bei inaweza kurudi, ingawa si yote.

Hali ilibadilika tarehe 11 Juni 2025, na Jumamosi ya tarehe 14, alfajiri, Bwana akamtwaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Manundu, mafundi wenzake, Mzee Hashim na jamaa zake wa msikitini waliotangulia Kwedizinga kuchimba kaburi, na ndugu Muhsin aliyetoka Dar es Salaam kuja kutufariji, ambaye mama anamwomba radhi.

Anamwomba radhi kwa sababu asubuhi hii, kabla hatujaamka vizuri, alichukua kopo la rangi lililobaki, akatia tina ya kuilainisha, akaupaka mlango buluu, na Richard alipomwuliza habari ya nyumba, alimjibu kwa kumwuliza kama lenta inabeba wagonjwa.

Jeneza litapanda Landrova kwenda Kwedizinga kupitia Segera. Mlango bado mbichi, wabebaji mjihadhari na nguo zenu.

Kaka Eliasi, pumzika kwa amani.