Bwana Lukumani Atumani, Karani wa Hukumu za Jumatano

Baada ya miaka thelathini na mmoja na mwezi mmoja ya utumishi, Bwana Lukumani Atumani, karani wa kwanza na mkalimani wa Mahakama ya Polisi ya Kasongo, anastaafu leo, tarehe 31 Machi 1958. Umoja wa Makarani umenipa mimi, Raphaël Musafiri, karani wa pili, kazi ya kuandika wasifu wake. Nimepewa kwa sababu meza yangu imekuwa karibu na yake kwa miaka mingi, na kwa sababu wengine wote walisema hawana nafasi.

Bwana Lukumani alizaliwa hapa hapa mjini, katika nyumba ya Waislamu wauza vitambaa. Siku zile mlango wa kujifunza Kifaransa ulikuwa mmoja, nao ulipitia kwenye ubatizo. Baba yake akakataa, na mwana akatafuta dirisha. Pale sokoni mama mmoja alikuwa akifunga karanga kwa kurasa za Gazeti Rasmi la serikali, zilizotupwa na ofisi. Lukumani alikula karanga nyingi sana ujanani mwake, na kila karatasi aliisoma mpaka mafuta yakaifuta. Ndiyo maana hadi leo Kifaransa chake ni cha amri na vifungu. Hata Kiswahili chake kimeambukizwa. Bibi Aziza, mkewe, anasimulia kwamba mchuzi ukipungukiwa chumvi, mzee huanza na "Kwa kuzingatia kwamba", akapitia sababu tatu, ndipo kibakuli cha chumvi kitajwe.

Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1927. Zaidi ya Kifaransa na Kiswahili, alileta kazini Kibangubangu, Kizimba na Kilega cha kutosha kugombana. Ukalimani wake ulikuwa maarufu. Siku moja mkulima wa Kabambare alijitetea nusu saa nzima, mikono juu, machozi yakimtoka, akamtaja babu yake na mito miwili. Alipomaliza, Bwana Lukumani akamgeukia jaji akatafsiri, "Anasema si yeye." Jaji akajibu kwa neno moja, na Bwana Lukumani akalitafsiri kwa robo saa, maana ilibidi kwanza amweleze yule mkulima kwamba alichokifanya ni kosa.

Hapo niseme kidogo kuhusu mahakama yetu, kwa faida ya wasomaji ambao hawajawahi kushtakiwa. Nasikia kwamba huko Ulaya watu wenye elimu wameumiza vichwa wakitafuta namna ya kumfanya jaji asitegemee mtu yeyote. Kasongo tulilimaliza jambo hilo zamani. Bwana Administrata, mkuu wa teritware, yaani wilaya yetu, ndiye anayeamuru mtu akamatwe, ndiye anayemhukumu, na ndiye mwenye funguo za gereza. Basi jaji anaweza kumtegemea nani, ikiwa wote ni yeye? Hakuna siku ambayo aliyekamata aligombana na aliyehukumu. Walikula sahani moja, wakalala kitanda kimoja, wakaugua malaria siku moja. Kazi ya Bwana Lukumani ilikuwa kutunza mihuri yao na kujua ni nani kati yao anayezungumza.

Administrata aliyekaa muda mrefu kuliko wote tulimwita Bwana Saa Sita, kwa sababu saa sita kamili alifunga kesi akaenda kula, hata kama shahidi alikuwa katikati ya neno. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda mbwa wake, bustani yake na utulivu. Utulivu aliupenda kuliko vyote.

Mawakili hatukuwa nao, na hata sasa hatuna. Kampuni ikiwa na kesi nzito ilimleta Metre Gaston, kama wakili anavyoitwa kwa Kifaransa, kutoka Costermansville, makao makuu ya jimbo, siku tatu barabarani katika vumbi. Nyumba ya wageni ya serikali ilikuwa na popo, kwa hiyo wakili alifikia kwa jaji. Na mgeni hawezi kukaa mezani kama bubu. Kesi zetu husikilizwa Alhamisi; chakula cha mchana cha Jumatano kililiwa nyumbani kwa Bwana Saa Sita, wakili kushoto, jaji kulia, kuku wa kuokwa katikati. Kabla ya kahawa, kesi ilikuwa imekwisha. Niseme kwa haki kwamba uhuru wa jaji haukuguswa hata kidogo: alikuwa huru kabisa kula na amtakaye.

Abedi, mpishi wa Bwana Saa Sita, alisikia yote akibadilisha sahani. Akipita sokoni jioni kununua pilipili, alimwambia Bwana Lukumani hukumu ilivyo. Mji mzima ukaizoea njia hiyo. Mtu mwenye kesi hakuuliza tena sheria inasema nini, aliuliza, "Abedi, jana walikula vizuri?" Bwana Lukumani, ambaye hapendi kazi ilale, akaanza kuipiga hukumu kwa mashine jioni ile ile, pamoja na sababu zake, maneno ya mshtakiwa na masikitiko ya mahakama, kisha akaiweka chini kabisa ya faili. Alhamisi jaji alifungua faili, akasikiliza alichosikiliza, akafika chini, akasoma. Mwaka 1949 serikali ya jimbo ilitusifu kwa barua: hakuna mahakama iliyotoa hukumu upesi kama yetu. Kama wangejua ni upesi kiasi gani.

Sasa nifike kwenye kosa lake. Katika miaka thelathini na mmoja Bwana Lukumani alifanya kosa moja tu, na wasifu usiolitaja ungekuwa wa mtu mwingine.

Mwezi wa Agosti 1952 aliletwa Bulaimu, mkulima wa Lusangi. Pamba ya lazima, ambayo serikali humwamuru kila mkulima aipande, ilikuwa haikuota katika shamba lake wala katika mashamba ya jirani zake. Kampuni moja ya pamba, ambayo sitaitaja maana inatupa viti vya sherehe hii, ilisema kwamba Bulaimu alizichemsha mbegu kwa makusudi na kuwafundisha wengine. Adhabu ilikuwa miezi miwili gerezani. Lakini miezi miwili haikumtisha mtu. Kilichotisha ni barua ya pili, ambayo Bwana Saa Sita angeitia sahihi kama administrata baada ya kuhukumu kama jaji: Bulaimu atahamishwa mbali na Maniema, asiione tena Lusangi, kwa miaka ambayo hakuna aliyeitaja. Alikuwa na shamba la mpunga lililokaribia kuvunwa na mke mwenye mimba ya miezi saba.

Mke huyo, Feza, alitembea kwa miguu hadi Kasongo akaketi barazani petu. Alimwambia Bwana Lukumani, "Baba Karani, ile mbegu ilikuwa inanuka tangu mu gunia. Hatukuchemsha kitu. Mutu anachemsha kitu ya kuoza na kuni za bure?" Katika chumba cha vielelezo kulikuwa na gunia moja la kampuni, bado limeshonwa kwa uzi wa kiwandani. Bwana Lukumani alikwenda akaliinamia. Aliporudi alinawa uso. Hata mimi nilipita mlangoni pale, na harufu niliisikia.

Kwa kuwa Bulaimu hakuwa na wakili, Bwana Saa Sita alimpa mmoja, bure. Alimpa Metre Gaston, maana ndiye aliyekuwapo. Ilikubaliwa juu ya kuku kwamba Metre atazungumza kwanza kwa ajili ya kampuni, kisha atazunguka meza na kumtetea Bulaimu. Jumatano jioni Abedi alileta habari: miezi miwili, na barua baadaye. Bwana Lukumani akakaa kwenye mashine. Hukumu ya ukurasa mmoja ilimchukua mpaka usiku, yeye ambaye vidole vyake vilizoea kukimbia. Aliandika kwamba mshtakiwa amesikilizwa kwa muda mrefu na kwa upole, na kwamba wakili wake amemtetea kwa moto.

Alhamisi asubuhi alifika mtu tusiyemtarajia. Alikuwa Bwana Substitut, naibu mwendesha mashtaka wa Parke ya Kindu, ofisi inayokagua hukumu zetu zote. Gari lake lilivunjika springi akielekea Kabambare, na fundi alimwambia angoje hadi jioni. Alikuwa Mbelgiji mpya nchini, bado anaamini vitabu vyake. Aliuliza kama anaweza kukaa ndani kukwepa jua. Bwana Lukumani alimtolea kiti chake mwenyewe, akakiweka nyuma kabisa, mahali ambapo jaji, asiyeona mbali bila miwani, asingemtambua.

Bwana Saa Sita aliingia, akasalimiwa, akafungua faili. Ukurasa wa juu ulikuwa hukumu. Naye, kwa mazoea ya miaka, alisoma kilicho mbele yake. Alisoma kwamba mahakama imemsikiliza Bulaimu kwa muda mrefu na kwa upole. Bulaimu wakati huo alikuwa nje, anafyeka majani kwenye bustani ya jaji, maana polisi walikuwa hawajamwita. Alisoma kwamba wakili amemtetea kwa moto, na Metre Gaston, ambaye alikuwa bado anatafuta kalamu mfukoni, akainua kichwa. Alisoma hadi mwisho, miezi miwili, akapiga muhuri, akauliza, "Kesi inayofuata?"

Kiti cha nyuma kilisikika kikisogea. Bwana Substitut aliuliza kwa adabu sana kama angeweza kumwona mshtakiwa. Wakamleta, panga mkononi, majani magotini. Akamwomba Bwana Lukumani amwambie mtu huyu amehukumiwa nini. Bwana Lukumani akatafsiri, safari hii bila kufupisha neno hata moja. Bulaimu akauliza, "Lini?"

Hukumu ilifutwa, kesi ikapelekwa Kindu kwa jaji mwingine. Huko gunia lilifunguliwa, mtaalamu wa kilimo akapanda mbegu mia moja katika masanduku, zikaota tatu. Bulaimu aliachiliwa baada ya kungoja miezi mitatu na siku kumi gerezani, kifungo ambacho hakikuandikwa katika hukumu yoyote. Mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa na mpunga umeliwa na ndege, lakini alirudi Lusangi, na yuko Lusangi. Bwana Saa Sita alipandishwa cheo, akaitwa jimboni kutoa ushauri juu ya mambo ya haki. Metre Gaston alitoa hotuba mjini Costermansville kuhusu uhuru wa mahakama, na nimeambiwa ilipigiwa makofi.

Sisi wengine tulipata uchunguzi. Mabwana wawili walikuja kuuliza namna gani karatasi ya chini ilifika juu. Bwana Lukumani alijibu, "Macho yangu ni ya zamani, Bwana. Ya chini na ya juu naona sawasawa." Hawakuweza kumtoa hapo. Ingebaki kuwa bahati mbaya ya karani tu, angepewa onyo na mambo yangekwisha, na medali yake ya utumishi, ambayo ilikuwa tayari imeagizwa, ingefika.

Kisha wakaniita mimi.

Nimecheka katika kurasa hizi kuhusu jaji na wakili na kuku wao, na nikiandika nimefurahi kucheka. Lakini mimi sikupewa hata kuku. Nilipewa chai ya maziwa na neno moja, kwamba karani wa kwanza akiondoka, wa pili hupanda. Nikasema nimeona. Nikasema alivuta ukurasa kutoka chini, akamtazama mgeni aliyeketi nyuma, kisha akauweka juu. Ilikuwa kweli, kila neno. Bwana Lukumani alipelekwa Kabambare miaka miwili, ofisi isiyo na mashine ya kuandika, kwa ajili ya afya yake. Medali ikabadilishwa jina, nikavishwa mimi. Hawakumfukuza kwa sababu moja tu, ambayo ilionekana haraka: Kibangubangu changu. Katika mwaka wangu wa kwanza nilimtafsiri shahidi mmoja vizuri kiasi kwamba alifungwa yeye.

Ndipo mwaka 1954 wakamrudisha. Aliingia asubuhi, akatundika kofia yake, akauliza kama utepe wa mashine umebadilishwa. Nilinyanyuka kutoka kwenye kiti chake. Nilikuwa na hotuba nzima ya kuomba radhi, nimeiandika na kuikariri. Yeye akanitangulia kusema. "Usione haya, Musafiri. Ulisema kweli. Mu hii nyumba nilisikia mashahidi miaka na miaka, na weye njo wa kwanza kusema kweli yote. Ni bahati mubaya tu, ilinianguka miye." Akakaa, akaniambia nilete faili za wiki.

Muzee Lukumani, kwa niaba ya makarani wote wa Kasongo nakushukuru kwa miaka hii yote, kwa lugha zako na kwa uvumilivu wako. Mungu akupe afya, wewe na Bibi Aziza, na asubuhi ndefu zisizo na kengele ya kazi. Na kwa niaba yangu peke yangu naomba unisamehe, mbele ya watu, maana siku ile hukuniachia nafasi ya kuomba.