Sekunde Kumi na Tisa za Mashine ya Kura

Kijiwe chetu cha Kiponda ni baraza ya saruji inayotosha watu sita, na nyuma yake unafunguka mlango wa karakana ya Bahadurali, fundi saa na redio. Kila siku baada ya sala ya alasiri tunakaa kwa mpangilio ule ule: Wakil, aliyekuwa karani wa mahakama na ambaye hajapata kushindwa kesi yoyote ya barazani, Simai wa Jambiani, tumwitaye Antena kwa kuwa habari humfikia kabla hazijatokea, Bahadurali mwenyewe, kizingitini, bisibisi nyuma ya sikio, kisha mimi. Msabah hutumiminia kahawa. Huja akigonganisha vikombe, na kwa kuwa kimoja kina ufa, mlio wake haufanani na wa muuza kahawa mwengine: ti, ti, to. Alhamisi hiyo tulikuwa na jambo moja tu. Jumatatu, televisheni moja ya mtandaoni ilitangaza kwamba mashine za kupigia kura, ambazo ushirika wa wakulima wa mwani wa Tuinuane ungezitumia Jumapili kuchagua mwenyekiti, zinafunguka kirahisi. Jumanne, kipande cha sekunde kumi na tisa cha habari hiyo kilikuwa kwenye kila simu. Jumatano, kina mama wa Jambiani walisema hawazigusi. Alhamisi asubuhi, Mehreen, mtunza mashine wa ushirika na binti wa Bahadurali, alikabidhiwa barua ya kusimamishwa kazi.

— Hebu tukitazame tena, alisema Wakil.

— Mara ya ngapi hiyo? aliuliza Bahadurali.

— Ushahidi hautazamwi mara moja, yakhe.

Antena aliinua simu. Mtu aliyetiwa giza usoni, sauti yake imefanywa nzito kama ya jini, alisema: "Mashine hii? Naifungua kwa dakika mbili, na bisibisi. Na nikishaifunga hujui kama iliguswa." Nyuma ya sauti hiyo palipita mlio mdogo, mara kipande kikakatika. Msabah, aliyekuwa akimimina, alisita. Kahawa ikamwagika juu ya sinia. 

— Mmesikia, alisema Antena. Dakika mbili. Dada yangu Mwanaasha anagombea uenyekiti. Mwaka mzima kapita nyumba kwa nyumba, leo wenzake wanamwambia kura zao hazitoingia kwenye bati.

— Si bati lile, lina umeme, alisema Wakil. Siku ya majaribio nlisimama karibu nalo, linavuma. Na wahenga wamesema, debe tupu haliachi kuvuma. Kwa hiyo ndani hamna kura. Kesi imekwisha.

— Feni yangu nayo inavuma, alisema Bahadurali. Imo kura?

— Usinchezee shere.

— Mie nshasikia makubwa zaidi, alisema Antena, akisogea. Ukibonyeza, inakamata alama ya kidole. Jioni mume anapelekewa ujumbe: mkeo kamchagua fulani.

— Nani kakwambia?

— Watu.

— Watu gani?

— Wa kwenye kundi letu la simu. Tena wanasema iliwahi kujaribiwa msituni Jozani. Kima punju kabonyeza mara moja, zikatoka kura arubaini.

— Alimchagua nani? niliuliza.

— Hilo ndilo wanalolificha.

Wakil alianza kucheka, akamtazama Bahadurali, akaacha.

— Tumwache kima, alisema. Tufuate mlolongo. Mtaalamu kasema mashine anaifungua. Mashine ziko tano. Zote zimo kabatini, na ufunguo wa kabati anao mtu mmoja. Sasa aliyempa mashine ni nani?

Hoja hiyo, neno kwa neno, ndiyo iliyokuwa kwenye barua ya kamati ya ushirika kwa Mehreen. Sote tulilijua hilo.

— Sema jina, Wakil, alisema Bahadurali kwa sauti ya chini.

— Sikutaja jina. Nnafuata mlolongo.

— Mlolongo wako unaingia nyumbani kwangu.

— Uniwie radhi, Bwana Bahadurali. Lakini huyo mwenye giza akijulikana, yote haya yanakwisha. Mie nakwambia kalipwa vizuri, na sasa hivi anakula na jamaa zake. Ndiyo maana wakasema, mchuma janga hula na wa kwao.

— Siyo maana yake hiyo, nilisema.

— Haya, ipi?



— Kwamba wanaolishwa janga hawakulichuma, alisema Bahadurali. Alikuwa ameitoa bisibisi sikioni na anaitazama ncha yake.

Wakati huo Mehreen alitokea upande wa Darajani, mkoba begani, barua mkononi.

— Asalaam alaykum. Shikamooni.

— Wa alaykum salaam. Marahaba, mwanangu, alisema Wakil, akampisha nafasi. Mehreen hakukaa.

— Nyinyi mmeshinda na kipande hiki siku tatu, alisema, basi nnataka kuwauliza kitu kimoja. Mashine zetu hazina skrubu hata moja. Zimezibwa kwa lakiri zenye nambari. Huyu bwana bisibisi yake aliitia wapi?

 Antena aliitazama simu yake kana kwamba itamjibia.

— Habari nzima mmeitazama? Ina dakika kumi na moja.

— Nzima inakula bando, alisema Antena.

— Dakika ya tisa mwandishi anasema mtaalamu alioneshwa picha kwenye simu. Mashine hakuiona. Kipande chenu hakikufika huko.

— Basi si umeshinda, alisema Wakil. Waambie kamati.

— Nshawaambia. Nkawaonesha na lakiri, zote tano nzima. Wananambia, mwenyewe si kasema akishaifunga hujui kama iliguswa? Wanamtaka yeye aje aseme kwa kinywa chake kwamba hakuishika. Kikao ni kesho saa tatu. Asipokuja, wanandika kwamba niliitoa mie.

— Na Jumapili? aliuliza Antena.

— Hapana uchaguzi. Mwanaasha ndiye aliyezipendekeza mashine. Watasema alijua.

Antena aliizima simu yake na kuiweka kifudifudi.

Msabah, kwa mazoea tu, alianza kukusanya vikombe ili akavisuuze. Mkono wake ukavigonganisha: ti, ti, to.

Mehreen aligeuza shingo. Alivitazama vikombe, kisha mlango wa karakana uliokuwa wazi nyuma yetu, kisha bisibisi. Kipande kile alikuwa amekisikiliza mara nyingi kuliko sisi sote, na mlio huo ulikuwamo.

— Baba, alisema. Jumapili iliyopita alikuja mgeni hapa?

Hakuna aliyemgeukia Bahadurali. Wakil alihesabu kucha zake. Nilisikia redio ndani ya karakana, iliyokuwa ikitengenezwa, ikitafuta stesheni na kuikosa.

Bahadurali alinyoosha kikombe.

— Msabah, ntilie.

Msabah aliinamisha dele la kahawa mpaka likasimama kichwa chini. Lilidondosha tone moja la machicha.

— Imekwisha, Bwana Bahadurali.

Fundi alikiweka kikombe juu ya saruji, taratibu, kama anavyoweka saa ya mtu. Miguu yake ilitafuta makubadhi chini ya baraza, ikalipata la kushoto, ikachelewa kulipata la kulia.

— Saa tatu, ulisema, aliuliza. Asubuhi?

— Asubuhi, Baba.