Mishumaa ya Nyumba ya Zilpa

Wazee wetu, makuhani, majirani wa Nablus na ninyi mliopanda mlima kutoka Holon, mimi Yefet, mwana wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, nami nitayasoma yote, hata pale nilipoombwa tangu asubuhi niruke.

Kuhani Amram bin Nathaneli alizaliwa tarehe 12 Aprili 1941, mtaa wa Wasamaria, Nablus, akafiwa na baba yake mapema, akamlea mdogo wake Itamar, akamfundisha Torati na hesabu za mwezi ambazo makuhani hupangia sikukuu zetu. Alihitimu ualimu Amman mwaka 1962, akafundisha hesabu Nablus hadi alipostaafu mwaka 2001. Alimwoa mama yetu Badria tarehe 3 Oktoba 1966, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Zilpa.

Zilpa aliolewa na Myahudi huko Holon mwaka 1999, na kwetu binti akitoka hivyo huhesabiwa amepotea, lakini baba hakuweza kumtoa moyoni, na Ijumaa ya tarehe 14 Februari 2003 alikwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa, barabara ikafungwa, Sabato ikamkuta nyumbani kwa Zilpa. Mezani palikuwa na mishumaa, ambayo Wayahudi huiwasha kabla jua halijazama kwa heshima ya Sabato, ilhali sisi tunashika kwamba siku hiyo moto usiwemo nyumbani kabisa. Hakuizima, maana kuzima nako ni kuushughulikia moto, akampakata mtoto mpaka ikaisha yenyewe.

Aliporudi alimweleza mtu mmoja tu, Itamar, naye akamjibu, "Hilo limeishia hapa, kaka. Hata mimi ningekaa."

Kuhani Mkuu alipofariki mwaka 2013, kiti kilikuwa cha mkubwa kwa umri katika ukoo wa makuhani, yaani baba, na mama alikwisha kumshonea kanzu ya Kuhani Mkuu. Tarehe 6 Mei, mbele ya wazee, Itamar, aliyemfuata kwa umri, alisimama akasema, "Kaka yangu amekaa na moto siku ya Sabato. Atatuongozaje huyu?" Baba hakukana, Itamar akapewa kiti, na jamani, inauma kuyasema haya naye ameketi hapo mbele, lakini alimuuza kaka yake mchana kweupe. Tangu hapo kila Pasaka baba alisimama nyuma kabisa, karibu na mashimo ya kuokea kondoo wa sadaka, akiitikia sala za mdogo wake.

Agosti 2021 figo zilimwangusha, akalazwa Holon, kisha Zilpa akamchukua kwake, na kila simu ilipolia aliuliza kama ni Itamar. Haikuwa yeye. Kila Ijumaa Zilpa aliiacha mishumaa kabatini kwa ajili ya baba, na mumewe akala gizani pamoja nao. Baba alifariki Sabato, tarehe 13 Novemba, alfajiri, nyumba ikiwa giza, amemshika binti yake mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani Waislamu waliobeba viti, walimu wenzake, na mkwe wetu. Tunakushukuru nawe, baba mdogo, Kuhani Mkuu, kwa kuja kumzika. Zilpa yuko kule getini, mmemkataza asisogee. Ile kanzu mama ameitoa sandukuni, na baba ameivaa leo kwa mara ya kwanza.

Lala kwa amani, Kuhani wetu.